Walimu wa nyuzi Mji Mkongwe: siku 10 za fidla, udi na kanuni kwa watu wazima

Nianze na mwalimu wa fidla, maana ndiye aliyenishikisha kalamu. Wenzake nitawafikia, na ya kulalamikia yapo, lakini yule binti peke yake alikuwa ameshailipa ada yangu yote ilipofika siku ya tatu.

Kambi hii ya kujifunza vyombo vya nyuzi ni ya siku 10, mwezi wa Julai, ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Ni ya watu wazima tu. Chini ya miaka 30 hawakupokei. Jina la waandaaji siliandiki, kwa sababu lawama zangu nimewapelekea wenyewe uso kwa uso na wameahidi kuzifanyia kazi. Anayetaka kwenda awaulize watu wa taarabu pale mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, ataelekezwa hadi mlangoni. Tulikuwa wanafunzi 14: mwalimu wa skuli kutoka Pemba, dereva wa daladala wa Mwanakwerekwe, wauguzi wawili wa Mombasa waliochukua likizo pamoja, Mswahili mmoja wa Muscat aliyekuja na udi mpya, ule wa kupiga, ndani ya sanduku la ngozi, na wengine. Mimi nina duka la dawa Magomeni, Dar es Salaam, na nina miaka 53. Ada ilikuwa shilingi 400,000, chakula cha mchana ndani yake. Malazi na nauli ya boti unajitegemea.

Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, ngazi zake zimesimama wima kiasi kwamba selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, ilipandishwa na watu wawili. Fidla na selo walikuwa darini, kanuni, kile chombo bapa cha nyuzi nyingi kinachopakatwa, chumba cha kati, udi chini uani. Masomo yanaanza saa 3 asubuhi hadi adhuhuri, mnasali, mnakula, kisha saa 9 alasiri mnarudi kwa mazoezi ya pamoja. Ijumaa ni asubuhi tu. Julai ni wakati wa kusi, hewa kavu kidogo na upepo unaingia madirishani, na hilo kwa vyombo vya nyuzi ni jambo kubwa kuliko mtu anavyodhani. Wangeweka kambi hii Aprili, katikati ya masika, mbao zingevimba na vigingi visingezunguka.

Sasa fidla. Baba yangu alikuwa mpiga fidla Tanga, kwenye kikundi kidogo cha mtaani kwetu Ngamiani, wakati ambao vikundi vikubwa vya mji vilikuwa vimeshaingiza gitaa za umeme na fidla ikaanza kuonekana ya wazee. Alifariki 2005. Akaniachia fidla yake na daftari la nyimbo, kaandika mwenyewe kwa penseli. Fidla ilining'inia ukutani kwangu miaka na miaka. Mwaka juzi nikampata mwalimu Dar, kijana mwenye adabu, akanifundisha miezi minne: kushika upinde, kusimama, kusoma noti. Sina neno baya juu yake. Alinibandikia tepe tatu nyeupe kwenye shingo ya fidla ili vidole vijue pa kukaa, na nyimbo za kitoto za Kizungu zikatoka vizuri. Lakini kila nilipojaribu nyimbo za baba, haziwi. Noti ni zile zile, vidole viko kwenye tepe, na wimbo hauji. Nikaamini kosa ni langu, kwamba nimeanza nikiwa nimechelewa.

Siku ya kwanza yule mwalimu hakufundisha kitu. Ni binti wa miaka 30 na kidogo, mfupi, sauti yake ya chini, baibui lake amelikunja mikono mpaka kwenye kiwiko. Alituketisha duara, watu watano wa fidla, akamwambia kila mmoja: "Nipigie unachokijua, chochote kile." Ukimaliza anakuuliza swali moja tu: "Na mwenyewe unataka kupiga nini?" Mwengine akasema anataka kumpigia mkewe wimbo wa harusi yao. Nesi mmoja akasema hajui, anataka tu mikono yake ifanye kitu kisichokuwa sindano. Mwalimu aliyaandika yote kwenye daftari, na siku ya tisa nilimsikia akimwambia yule mtu wa wimbo wa harusi, "Haya, leo tuutoe." Hakuwa amesahau.

Mimi nilimwambia nataka bashrafu moja ya baba, yaani kipande cha vyombo vitupu, nikamwimbia mwanzo wake kwa mdomo. Akanisikiliza hadi mwisho, macho kafumba. Halafu akauliza: "Baba yako alikuwa akiityuni vipi fidla yake, mama?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikasema sijui, nilikuwa mtoto. Akaniambia kesho nije na daftari.

Kesho yake akalifungua. Juu ya kila ukurasa, kwenye pembe, baba ameandika majina yale yale ya noti: sol re sol re. Miaka yote nilidhani ni zoezi la mkono, kitu cha kuchangamsha vidole. Mwalimu akatazama kurasa tatu, nne, akaniomba fidla. Akaulegeza uzi mwembamba kabisa polepole, akiusikiliza, mpaka ukashuka ukawa re. Akaulegeza na wa pili yake mpaka ukawa sol. Nyuzi za fidla ya Kizungu, toka nene hadi nyembamba, ni sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hushusha nyuzi mbili za juu zikawa sawa na zile mbili za chini, isipokuwa ziko oktava moja juu, noti zile zile kwa sauti nyembamba zaidi. Faida yake unaiona papo hapo: njia ya vidole uliyoijua chini ndiyo hiyo hiyo juu, na nyuzi zilizo wazi zinabaki zikivuma chini ya wimbo. Baba hakuandika zoezi. Aliandika namna ya kuifungua nyimbo, juu ya kila ukurasa, kama mtu anayejua kuna siku mwengine atalishika daftari.

Nilishuka uani nikakaa kwenye ngazi kwa muda. Mwalimu hakunifuata, na nilimshukuru kwa hilo.

Siku ya tatu akazitoa tepe. Alizibandua kwa ukucha, akachovya pamba kwenye spiriti akafuta gundi iliyobaki, akaniambia nipande makamu ya Rast, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuanzia sol ya chini. Uzi mtupu, sol. Kidole cha kwanza, la. Kidole cha pili ndipo penye mtihani. Kwa mwalimu wangu wa Dar, kidole hicho kina mahali pawili: kimesogea nyuma au kimesogea mbele. Katika Rast kinakaa katikati ya hapo pawili, robo ya sauti, na katikati yenyewe si ya kupima kwa rula. Nikamwomba basi aniwekee alama.

"Hii haina alama, mama. Imba kwanza."

Nikaimba. Nilishangaa kwamba koo langu linaijua. Nimeisikia tangu tumboni. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mwalimu mwengine akilifanya. Alininyang'anya upinde. Akasimama mbele yangu, fidla iko begani kwangu, upinde uko mkononi kwake, akawa anaupitisha yeye juu ya uzi, polepole, bila kukatisha, na mimi kazi yangu ni kidole kimoja tu. Mkono wake wa kushoto ameushikiza chini ya kiwiko changu kwa vidole viwili ili nisinyanyue bega. Nikasogeza kidole nyuma, akatikisa kichwa: "Hapo huzuni imezidi." Nikasogeza mbele: "Hapo umeshahama nchi." Nikarudi kidogo, upana wa uzi wa kushonea, si zaidi. Hakusema kitu. Aliendelea kuvuta upinde tu, na yule mwalimu wa skuli wa Pemba, mwanafunzi mwenzangu, aliyekuwa akifunga sanduku lake akageuka kututazama. Nilijua nimeshaifika kwa kumwona yeye.

Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikikosekana kwenye nyimbo za baba. Kodiani na kinanda cha kawaida havina, vitufe vimeshapangiwa sauti zake. Fidla inayo, kwa kuwa shingo yake haina vizuizi, ila nani akuoneshe? Hapo ndipo nasema mwalimu wa mtu mzima si yule anayejua kupiga tu. Mtu mzima anakuja na nyimbo kichwani, na makosa aliyokwisha kufundishwa, na marehemu wake. Anayemfundisha kama mtoto anaviacha vyote hivyo mlangoni.

Kasoro yake ipo nami nimemwambia. Kwa wale ambao hawajawahi kushika fidla kabisa anakwenda haraka. Manesi wawili walifika siku ya nne bado upinde unawateleza, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba nywele za upinde lazima zipakwe ulimbo, ile rozini, kabla hazijauma uzi. Mimi nikawaonesha. Kundi la watu watano wa viwango vitano, saa mbili na nusu, mwalimu mmoja: hata awe nani, kuna atakayeachwa. Mwakani waweke wawili.

Maalim wa udi ni mzee aliyevuka 70, na huyu nilimfuata kwa hiari yangu baada ya mazoezi ya alasiri, maana udi haukuwa somo langu. Anafundishia kwenye mkeka uani. Kila mtu kwake ni "mwanangu", hata yule dereva wa daladala ambaye ana wajukuu. Somo lake la kwanza halihusu nyimbo, linahusu risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi. Alitoa mfukoni ule ukanda wa plastiki wanaofungia nyaya, akaukata kwa wembe kama urefu wa kidole cha kati na zaidi, akausugua ncha yake kwenye jiwe la kizingiti mpaka ikawa laini na mviringo, akampa yule bwana wa Muscat ambaye risha yake ilikuwa imenunuliwa kwa bei. "Jaribu hii." Bwana akapiga, akaitazama, akaweka ile yake sandukuni na sikuiona tena.

Baada ya hapo, siku nne nzima, mkono wa kulia peke yake. Udi wake una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa besi, na siku hizo nne hakuna aliyeruhusiwa kubonyeza uzi hata mmoja. Chini, juu, chini, juu, risha ipite kwenye nyuzi zote mbili za jozi kwa uzito ule ule. Watu wakanung'unika chinichini. Wamelipa, wamevuka bahari, wanataka wimbo. Mimi nasema alikuwa na haki. Siku ya tano aliporuhusu mkono wa kushoto, udi tatu zilizokuwa pale zilisikika kama chombo kimoja, na sijawahi kusikia hivyo kwa watu waliokutana juzi.

Anafundisha pia kwa hadithi, na hadithi zake zina kazi. Dereva alipolalama kwamba amechelewa, vidole vimeshakuwa vigumu, Maalim hakumpa pole. Alimhadithia jinsi Sayyid Barghash, sultani wa Unguja wa zamani, alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, arudi aje kufundisha hapa. Jinsi watu wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanza 1905, walivyokuwa wanaume wenye kazi zao, wakajikusanya jioni kujifunza vyombo. "Na Siti binti Saad, yule mwimbaji, kaingia mjini 1911, mwanangu, kaja kutoka Fumba. Kwenda Bombay kurikodi ni 1928. Hebu nihesabie, alikuwa mtoto?" Dereva akahesabu, akachukua udi. Muziki huu wa Unguja ulianza na watu wazima waliokubali kuwa wanafunzi, na ilifaa kuambiwa hivyo na mzee mwenye udi mapajani.

Kanuni inaniuma kuiandika. Mpigaji tuliyepewa ni fundi hasa. Siku ya ufunguzi alivaa zile pete za chuma kwenye vidole vya shahada, akachomeka risha zake, akapiga taksimu, kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, dakika kumi hivi na chumba kizima kikanyamaza, mpaka mama wa jikoni akapanda ngazi na mwiko mkononi. Lakini kupiga na kufundisha ni kazi mbili. Kanuni ile ilikuwa moja kwa wanafunzi wanne. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na kijidaraja chake kimekaa juu ya ngozi, ngozi inayolegea na kukaza kila hewa inapobadilika. Kila asubuhi alianza kuityuni, uzi baada ya uzi, na kipindi cha saa moja kikawa kimebakiza dakika 20 za watu wanne kupokezana. Na zamu yako ikifika, hakwambii kitu. Anapiga yeye, anakuachia, anakutazama ukikosea, anapiga tena.

Nilimuuliza siku moja wakati wa chai yeye alifundishwaje. Akasema hakufundishwa, aliiba kwa macho, alikaa nyuma ya mpigaji mwengine miaka, akimtazama mikono. Nikamwelewa, na heshima yangu kwake haijapungua. Ila mtu aliyepewa siku 10 hana miaka ya kukaa nyuma ya mtu. Hili ni la waandaaji kuliko lake: wangemwambia aje nusu saa kabla aityuni, wangemwekea kijana wa kueleza kwa maneno yale anayoyafanya yeye kwa mikono, na wanafunzi wangeondoka na kitu. Wawili kati ya wanne waliacha siku ya sita wakahamia udi.

Selo sina mengi. Wanafunzi walikuwa wawili, mwalimu ni kijana aliyesomea muziki chuoni na anaueleza vizuri, noti kwa noti. Wote wawili walipiga usiku wa mwisho bila kupotea.

Mazoezi ya pamoja ya alasiri ndiyo yaliyotuunganisha. Wanachagua bashrafu moja fupi, vyombo vyote vinafuata wimbo ule ule, kila kimoja na mapambo yake, na mwalimu wa fidla ndiye anayeongoza kwa kichwa na upinde. Siku ya pili tulikuwa soko la Darajani. Siku ya saba tulisimama mahali pamoja kwa mara ya kwanza, wote, dumbaki, ile ngoma ndogo, likanyamaza kwa wakati wake, na mtu barabarani chini akapiga makofi.

Lawama kwa waandaaji, mbali na ya kanuni. Viti walivyoweka ni vile vya plastiki vyenye mikono. Mpigaji wa udi hana pa kupitisha mkono, wa fidla kiwiko kinagonga, na wa selo hawezi kabisa. Tuliwaambia siku ya kwanza, viti vya mbao vikaja siku ya tano, tena kwa juhudi za jirani aliyetuazima vya kwake. Pili, hakuna nyuzi za akiba. Uzi wa nesi mmoja ulikatika asubuhi ya siku ya tatu akiukaza, na ukasubiriwa siku mbili uje na boti kutoka Dar. Siku mbili kati ya 10! Ukienda, beba seti yako, na rozini yako, na pini ya nguo ya kubania karatasi, maana upepo wa darini haumwachii mtu noti. Tatu, usiku wa mwisho hotuba zilichukua saa nzima na vyeti vikagawiwa kimoja kimoja, wakati majirani wameshajaa uani na kahawa inapoa.

Chakula kilikuwa kizuri kila siku. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na siku moja boko boko ambalo bado nalizungumza.

Kama unataka fidla au udi, nenda, na usingoje ujue kwanza. Kama unataka kanuni, waulize kabla ya kulipa watakuwa na ngapi na nani atakayekuwa akieleza. Mimi nimeshaweka jina langu kwa Julai ijayo na nimelipa nusu.

Kabla sijaondoka mwalimu aliniomba ruhusa ya kulipiga picha daftari la baba, kurasa zote 31. Tulipatana kwamba kila Alhamisi usiku, nikishafunga duka, namtumia ukurasa mmoja nilioupiga, kwa ujumbe wa sauti, naye ananijibu. Tuko wa tano sasa. Wiki iliyopita nilipiga mara tisa kabla sijaridhika, nikatuma ule wa tisa. Jibu lake lilikuja asubuhi nikiwa nafungua shata za duka: "Umependeza, mama. Ila kidole cha pili kimeanza kuhama tena. Imba kwanza."